Umande wa Saa Nane Mchana

Mpwa wangu Atupele, mtoto wa dada yangu,

Kabla serikali haijakuteua kuwa balozi, mimi nilikuwa nimeshakuteua. Hilo linajulikana Nyololo nzima, linajulikana Mafinga, na makondakta wa mabasi yaendayo Mbeya wakisimama hapa huwaonyesha abiria kwa kidole: "Mnamwona yule mwenye koti la kahawia? Yule ndiye aliyemfungulia Balozi dunia." Sijisifu mimi. Mtu akisema mvua imenyesha, nayo kweli imenyesha, huko ni kujisifu?

Ujumbe wako wa Jumapili nimeupata. Mfupi, kama desturi yako tangu ulipoingia kazi za watu wakubwa: "Shikamoo Mjomba. Mhariri anauliza umande ulitoka wapi. Kitabu kinaingia mtamboni Ijumaa. Nimjibu nini?" Leo Jumatano. Nimeusoma kanisani, nimeusoma ghalani, nimeusoma mpaka binti yangu Rehema akaniuliza kama kuna msiba. Nimeona nisikujibu kwa simu, maana simu ina haraka kuliko mimi. Nakuandikia barua, tena ya wazi. Rehema ataipiga picha kurasa zote akutumie huko ughaibuni, halafu nitaibandika kwenye mlango wa ghala la viazi, kila mtu aisome. Kwa nini ya wazi, utaona huko mbele.

Lakini unanijua. Mjomba wako haulizwi moja akajibu moja. Kwanza tukumbushane.

Ulikuja kwetu una miaka saba, meno ya mbele huna, Kihehe hujui hata neno. Baba yako Mnyakyusa alikuwa mtu wa reli, leo Tunduma, kesho Makambako, keshokutwa hajulikani, na mama yako akaona heri usomee kwa bibi, mama yetu sisi. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Bibi akakusukuma mbele yangu: "Huyu ni mjomba wako, msalimie." Ukanikagua kutoka unyayo hadi utosi.

"Mbona mdogo?"

"Mjomba hana udogo," bibi akakuambia.

Basi ukaamini. Tangu siku hiyo shikamoo yangu niliipata kila asubuhi, hata asubuhi nilizokuibia kiazi chako cha kuchoma. Shuleni ulinikuta darasa la nne. Ulipofika la nne wewe, mimi nilikuwa la sita kwa mara ya pili, nikiimarisha msingi. Mwalimu akiuliza swali la darasa letu, jibu lilikuja kutoka dirishani, nje, ambako wewe ulikuwa unafagia. Mwalimu akasema, "Mjomba mtu, huoni aibu?" Nikamwambia sioni, kwa sababu anayejibu ni wa nyumbani kwetu. Na nilisema kweli. Sijawahi kuona aibu kwa akili yako. Nilikuwa naiangalia kama mtu anavyoangalia moto umeshika mlima wa jirani: unatisha, unapendeza, na huwezi kuuondolea macho.

Sasa mbuzi. Wewe umeiandika habari hii katika sura ya kwanza ya kitabu chako, na uliiandika kama nilivyokuwa nikiisimulia mimi. Kwamba Oktoba moja mbuzi sita wa bibi walinitoroka wakaingia kinyungu cha Mzee Lutego, ile bustani yake ya bondeni anayolima kiangazi, wakala njegere zake mistari minne. Kwamba mzee yule alikuwa na mbwa wawili na nyengo mkononi, panga letu la kichwa kilichopinda, na kwamba hapo kijijini hata katibu kata alipita kwake kwa kuzunguka. Kwamba mimi, nikiwa na miaka kumi na miwili, nilikuita wewe wa miaka tisa, nikakupa maagizo, nikakutuma kwake. Kisha nikasimama njia panda juu kule, fimbo begani, nikikulinda kwa macho, kaptula yangu imelowa umande wa doria niliyoifanya.

Ulipiga magoti pembeni ya njegere zilizobaki.

"Mbuzi wa nani hawa?" mzee akanguruma.

"Kamwene, babu."

"Nimeuliza mbuzi wa nani!"

"Kamwene, babu," ukarudia, sauti ileile, maana hakuwa ameitika salamu. Na mzee wa Kihehe, awe na hasira ya kuchoma nyumba, salamu ya mtoto aliyepiga magoti hawezi kuiacha ianguke chini. Akaitika. Pale pale nyengo ikashuka.

"Nimetumwa na mjomba wangu," ukasema. "Anasema mbuzi wametushinda. Anasema bonde zima hili anayejua kufunga mbuzi ni mtu mmoja tu, niende nimwombe anifundishe."

"Mjomba wako ni nani?"

"Ni mtu mzima, babu. Ana shughuli nyingi."

Akakufundisha fundo. Akakurudishia mbuzi wote sita wamefungwa kamba moja, akakujazia njegere kwenye sketi. Wewe ukaahidi kwamba mjomba, yule mwenye shughuli nyingi, atakuja kumwagilia kinyungu chake siku mbili. Huo ndio mkataba wako wa kwanza, na aliyeutekeleza ni mimi, ndoo kichwani, mzee ananichungulia anacheka mpaka anashika mbavu: "Kumbe mtu mzima mwenyewe ndiye huyu!"

Ndiyo maana nasema nilikuteua. Baada ya hapo walichofanya wengine ni kugonga mhuri.

Na mhuri waligonga kweli. Ulikwenda sekondari Iringa mjini, ukaenda chuo kikuu, ukaingia ubalozini ukiwa karani mdogo. Barua zako zilikuja na stempu za nchi ambazo mwalimu wetu wa jiografia alizitafuta kwenye ramani na miwani yake. Uliniandikia kwamba huko uliko maji ya ziwa hugeuka sakafu, watu wakapita juu kwa miguu, hata magari. Nikawaeleza watu hapa kwenye ghala. Wakasema, "Leo Mjomba umezidisha." Miaka yote nimewadanganya wakaniamini, siku niliyosema kweli tupu ndiyo waliyonikatalia.

Halafu ukawa balozi wenyewe, gari lenye bendera. Siku ulipokuja kutusalimu bendera ile ilikuwa imefunikwa kwenye mfuko wake, nikamwomba dereva aifunue kidogo tu, tupite nayo mbele ya ghala. Ukaniambia, "Mjomba, bendera haifunuliwi kwa ajili ya viazi." Lakini ulipoingia kwa bibi ulivua viatu mlangoni, ukapiga magoti kwenye udongo na suti yako ile, ukasema "Kamwene", ukangoja. Bibi alikuwa hasikii vizuri wakati ule. Ulirudia mara tano, bila kupandisha sauti kwa ukali, mpaka akaitika. Nilisimama nyuma yako nikasema moyoni: huyu hata wafalme anawasalimu hivihivi, na wafalme wataitika tu.

Siku unaondoka nilikupa dumu la ulanzi, pombe yetu ya mianzi, uwaonjeshe wazungu. Nililikaza kifuniko kwa nguvu zangu zote, nikakifunga na mpira wa baiskeli juu yake, ili lisimwagike safarini. Mimi mtu wa Nyololo niliyekunywa ulanzi kabla ya maziwa, nikasahau kwamba ulanzi ni kitu hai, unahema, ukiuziba pumzi unapigana. Ulinisimulia mwenyewe kwa simu huku ukicheka hadi unalia: karamu ya ubalozi, mawaziri wa watu wamekaa, mtumishi anafungua, mara dumu likapiga kama bunduki, ulanzi ukagonga dari ukamshukia waziri mmoja begani. Wewe ukasimama.

"Waheshimiwa," ukasema, "kwetu hata kinywaji husimama kusalimia wageni."

Wakapiga makofi, na waziri yule aliyelowa ndiye aliyeomba kikombe cha kwanza. Nakumbuka nilikaa kitako na simu sikioni. Kosa lilikuwa langu, na wewe ulikuwa umelivisha nguo safi kabla halijaonekana uchi. Sikukubali moyoni wakati ule kwamba ulikuwa unanifanyia hivyo kwa mara ya pili.

Kisha ukaacha kazi. Hapo, mpwa wangu, nilikasirika, usinifiche nami sikufichi. Ubalozi hauachwi! Nilikuwa nimeshawaambia watu kwamba baada yako nitafuata mimi. Ukaja hapa na nywele zina mvi, na begi la vitabu mgongoni kama msichana wa kidato cha pili, ukasema umerudi shule kusomea uchumi.

"Mama, umelaaniwa na nani?" nikakuuliza.

"Mjomba, miaka ishirini na kitu nimekaa mezani na watu nikisema 'mkulima wa nchi yangu, mkulima wa nchi yangu.' Siku moja bwana mmoja akaniuliza, gunia la mkulima wa nchi yako lina uzito gani? Nikafungua mdomo. Sikujua. Mimi, niliyelelewa kwa viazi."

Nikacheka, nikakuambia hilo si swali la chuo, njoo ghalani.

Ulikuja ghalani wiki tatu. Ulikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari kwenye goti, mzani wako pembeni, ukinitazama nashona. Wasiojua waelezwe: mimi ni fundi wa lumbesa. Gunia nalijaza viazi mpaka mdomoni, kisha juu ya mdomo najenga kichwa, viazi juu ya viazi, nakizungushia wavu na kamba, nashona kwa sindano ndefu hadi linasimama kama mtu aliyevaa kilemba. Linauzwa kwa jina la gunia moja. Magunia yangu yalitambulika mpaka masoko ya Dar es Salaam. Hakuna kichwa nilichoshona mimi kikaanguka njiani. Nilidhani unaandika sifa zangu.

"Mjomba, hiki kichwa mkulima analipwa?"

"Kichwa ni desturi."

"Desturi ya nani?"

Nikaendelea kushona. Hukuniuliza tena. Ulipima tu, ukaandika, ukapima, ukaandika. Jioni ya siku ya mwisho mama mmoja wa Igowole alileta viazi vyake, akamwaga mavuno yote ya shamba lake, akaondoka na malipo ya magunia machache kuliko vidole vya mikono yake. Ulimsindikiza kwa macho mpaka barabarani. Mimi nikayatazama yale magunia yangu yenye vilemba, na kwa mara ya kwanza nikayaona yamesimama kama watu walionenepa kwenye nyumba yenye njaa.

Mwaka uliofuata ukanialika Mbeya, kwenye mkutano. Ukumbi una zulia, wakubwa wa idara, wafanyabiashara wa viazi, watu wenye vitambulisho vinavyoning'inia shingoni. Nikapewa na mimi kitambulisho, kimeandikwa "Mtaalamu". Bado ninacho, nakivaa Jumapili. Ulikuwa umeniambia nishone magunia mawili niyalete: moja limefungwa sawasawa mdomoni, jingine la kichwa. Nilijua nimekwisha. Nilijua utasimama useme: huyu hapa ndiye mkono wenyewe.

Ukawaita mabwana watatu wenye suti, wanene, walioshiba, ukawaomba wanyanyue gunia la kwanza. Wakanyanyua, kwa jasho, ukumbi ukashangilia. Ukawaomba wanyanyue la pili. Wakajaribu. Mmoja akavua koti. Wakajaribu tena. Gunia halikutikisika.

"Tofauti ya haya mawili, waheshimiwa," ukasema, "ndiyo ninayoiandikia kitabu."

Ukaja ukanishika mkono mbele yao wote: "Huyu ni mjomba wangu. Amenionyesha kazi yake yote bila kunificha hata fundo moja. Laiti wote tungekuwa wakweli kama yeye." Walisimama, Atupele. Watu wenye zulia walisimama kwa ajili yangu. Mimi niliangalia viatu vyangu. Tangu siku ile sindano yangu haijashona kichwa, isipokuwa mara mbili, na hizo mbili nilikuwa nimebanwa sana.

Kitabu kilitoka kwa Kiingereza, nikakiweka kabatini kwenye kitambaa cha ekaristi alichoacha bibi. Mwalimu mkuu alitusomea hapa ghalani, kipande kwa kipande, akitafsiri. Alipofika kwa mbuzi na njia panda, kijana mmoja mpakiaji alinipa kiti chake. Mpaka leo sijanunua chai yangu mwenyewe. Waendesha bodaboda wananiita "Njia Panda". Wageni wanaletwa waone mahali niliposimama. Nimeweka na jiwe.

Sasa umekiandika kwa Kiswahili, ukanitumia karatasi zake kabla hazijachapwa. Nilizisoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno, wiki sita. Ndicho kitabu cha kwanza katika maisha yangu nilichokianza nikakimaliza. Nilidhani nakujua, kumbe nilikuwa namjua mtoto mwenye sketi imejaa njegere. Mtu huyu aliyekaa na wafalme, ameandika kuhusu gunia kwa heshima ileile aliyompa bibi mlangoni. Kila namba umeipima mara tatu. Kila mahali ambapo hujui, umeandika "sijui". Nilisoma hayo "sijui" nikarudi kuyasoma tena, moja moja. Mimi katika maisha yangu sijawahi kulisema neno hilo.

Nikafika kwenye ukurasa ule: "Mjomba alikuwa amesimama njia panda, jua la saa nane liko utosini, kaptula yake imelowa umande." Pembeni mhariri wako amechora kwa wino mwekundu: "Umande saa nane mchana? Oktoba?"

Naelewa anachoogopa. Nilimsikia redioni mfanyabiashara mmoja mkubwa wa viazi akisema kitabu chako ni hadithi za bibi, kwamba wakichambua watakuta uongo, na wakikuta mmoja, basi na mizani yote ni uongo. Wanautafuta, mama. Wanakipekua ukurasa kwa ukurasa. Na katika kitabu chote kile uongo upo mmoja tu, na ni wangu.

Ningeweza kusema ni ukungu wa Mufindi. Lakini ukungu wetu ni wa Juni na Julai, mtoto mdogo anajua. Ningeweza kusema nilivuka mfereji. Ningeweza kukuambia ufute sentensi hiyo kimyakimya, na ungeifuta, wala usingeuliza. Lakini uongo huu niliusema hadharani miaka yote, nikaunywea chai. Basi na ukweli uende hukohuko, mlangoni mwa ghala.

Sikusimama njia panda. Kutoka njia panda hadi kwenye kinyungu cha Mzee Lutego mtu hasikii hata mbwa akibweka. Jiulize, nimeyajuaje maneno yote mliyosema? Nilikuwa kwenye matete, hatua kumi kutoka kwenu, nimelala kifudifudi, nimeng'ata kola ya shati. Wala sikukutuma. Nilikimbia nikajificha, wewe ukashuka mwenyewe.

Ulipopanda na mbuzi, ulisimama karibu na matete yale. Hukuita jina. Ulingoja. Nilipotoka, ulinipa kamba ya mbuzi, ukageuka, ukatembea mbele yangu njia nzima bila kuangalia nyuma hata mara moja. Na nyumbani, bibi aliponitazama akauliza, "Kaptula imefanyaje?", mimi nilikuwa sijafungua mdomo.

"Umande, bibi," ukasema wewe.

Bibi akaangalia jua. Akakuangalia wewe. Akarudi jikoni.

Neno lile halikuwa langu, Atupele, lilikuwa lako. Ulilisema una miaka tisa, ukalitunza mpaka mvi, ukalivusha nchi na nchi, ukaliandika kwenye kitabu ambacho hukuruhusu kitu chochote usichokipima. Na hata sasa, mhariri amekubana, mtambo unangoja, watu wanakuwinda, hukumjibu. Ulikuja kwanza kuomba ruhusa kwa mwenye siri. Na mimi nimetembea maisha yangu yote nikisema nilikuteua.

Ruhusa umepewa. Kamwene, mpwa wangu. Safari hii ninayepiga magoti ni mimi, na nangoja uitike. Mwambie mhariri wako kwamba amesoma vizuri, Oktoba saa nane hapana umande. Nilijikojolea.

Ni mimi mjomba wako,
ambaye jiwe la njia panda ameshaling'oa leo asubuhi.